Mpira wa Wavu na Tarehe Tuliyoiandika

Wasomaji wengi wa gazeti hili ni waalimu, nao hawana haja ya kuelezwa jinsi lilivyo daftari la kuandikishia watoto wa darasa la kwanza. Lina safu ya jina, safu ya mzazi, safu ya kijiji, na safu ya tarehe ya kuzaliwa. Safu hii ya mwisho ndiyo iliyotuletea habari tunayotaka kuisimulia, ingawa yenyewe ni habari ya mchezo, tena mchezo wa watoto wanawake.

Sisi twafundisha katika wilaya ya Igunga, upande wa kaskazini na mashariki wa mkoa wa Tabora. Msafiri atokaye Singida hushuka mteremko wa Sekenke, huvuka mbuga ya Wembere, ndipo hutufikia sisi kabla ya kufika Nzega. Watu wa kwetu ni Wanyamwezi na Wasukuma, na Wanyiramba na Wataturu wamo pia. Kila ajuaye habari za kale ajua kwamba nchi ya Unyamwezi ndiyo iliyotoa wapagazi wa misafara iliyokwenda na kurudi kati ya Bagamoyo na Ujiji, na Tabora ilikuwa kituo chao kikubwa. Wapagazi wale walikuwa hodari wa hesabu. Walihesabu mizigo, na nguo za ujira, na siku za njia. Miaka hawakuihesabu, maana haikuwa na faida kwao. Mwaka ulikuwa na jina lake, kama mtu: mwaka wa njaa fulani, mwaka wa nzige, mwaka wa kufa mtemi fulani. Hata sasa mtoto aliyezaliwa wakati wa mvua huitwa Mabula akiwa mwanamume na Kabula akiwa mwanamke, na jina hilo ndilo cheti chake. Lasema kweli, walakini halisemi siku.

Basi na tuanze na mchezo wenyewe. Mpira wa wavu ulibuniwa mwaka 1895 katika mji wa Holyoke, Marekani, na William Morgan, mwalimu wa mazoezi ya mwili katika Chama cha Vijana wa Kikristo. Alikuwa na watu wazima waliochoka na kazi, nao waliuona mpira wa kikapu kuwa mchezo wa kuumizana. Akachukua wavu wa tenisi, akauinua juu kidogo ya kichwa cha mtu, akawapa mpira waupige kwa mikono huku na huku bila kugusana. Twapenda sana habari hii, maana hutupa jibu wazazi wanapotuambia kuwa mchezo huu ni wa fujo. Ulifanywa makusudi uwe mchezo wa watu wenye adabu, na wavu uko pale ili kila mtu akae kwake. Shirikisho la dunia la mchezo huo liliundwa Paris mwaka 1947. Na mwaka 1989, katika mji wa Curitiba, Brazil, yalifanywa kwa mara ya kwanza mashindano ya dunia ya wasichana vijana, yaani timu za mataifa za wasichana wasiotimiza bado miaka 18. Washindi wa mwaka ule walikuwa Warusi na wenzao wa Muungano wa Kisovieti.

Mambo hayo hatukuyajua tulipoanza. Mwaka 2014 tulipata mpira mmoja tu, wa zamani, kutoka kwa mwalimu mwenzetu aliyehamishwa. Wavu tuliufanya kwa nyavu za samaki zilizochakaa, zilizokuja na lori kutoka Mwanza, tukazishonea kamba ya katani juu na chini. Nguzo zilikuwa miti ya mgunga. Kuhusu uwanja, anayeijua Igunga atatuhurumia: udongo wetu mweusi wa mbuga wakati wa kiangazi hupasuka hata mguu wa mtoto ukazama, na wakati wa masika hushika viatu kama gundi. Ilitubidi kutafuta mahali pa kichanga nyuma ya nyumba za waalimu, na watoto wakabeba mchanga zaidi kwa ndoo, kila jioni ndoo moja moja, muda wa wiki tatu. Adui mkubwa alikuwa miiba. Mpira ukiruka nje ya uwanja hurudi ukilia. Fundi wa baiskeli barabarani aliubandika viraka mara nyingi hata ukawa haurudi ulikotarajiwa, na sisi twaamini kwamba wasichana wetu walikuwa wepesi wa macho kwa sababu hiyo.

Kwa nini wasichana? Wavulana walikwisha kuwa na mpira wa miguu, na hawakumpa mtu nafasi. Wasichana walicheza mpira wa pete, lakini walikuwa wengi kuliko nafasi zilizopo. Tulipoanza, walikuja saba. Wawili walikatazwa nyumbani. Maneno ya wazazi yalikuwa mawili: mavazi, na kazi za jioni. La mavazi tulilimaliza upesi, wakacheza kwa sketi na suruali ndani yake. La kazi halikwisha hata leo, maana maji hayajiteki yenyewe, na ng'ombe hawajirudishi nyumbani. Tulipatana kuanza saa kumi kamili na kumaliza kabla ya saa kumi na moja na nusu, na mwalimu akizidisha dakika tano, mama mmoja au wawili huja kusimama kando ya uwanja na ndoo tupu kichwani, bila kusema neno. Hiyo ilitosha kuwa filimbi.

Katika saba wale wa kwanza alikuwamo mmoja ambaye jina lake hatutalitaja. Tutasema tu kwamba lilitokana na mvua. Alikuwa mrefu, naye aliuonea haya urefu wake, akatembea ameinamisha mabega kama mtu apitaye mlango mfupi. Hapo uwanjani ndipo tulipomwona amesimama wima kwa mara ya kwanza. Wavu wa wanawake kwa sheria ya mchezo una kimo cha mita 2 na sentimita 24. Sisi tuliupima kwa utepe wa fundi cherehani, na kwa watoto wadogo tukaushusha. Yeye mwaka wa tatu aliomba upandishwe mpaka kimo cha sheria, na wenzake wakanung'unika, wakisema, «Wewe una mikono ya kuvunia maembe.» Aliruka na kuupiga mpira ule wa viraka ukaanguka upande wa pili kabla hawajainua mikono. Alipokwenda sekondari hakuacha kurudi jioni kucheza nasi, na wengine wakafuata.

Mwaka 2018, siku za michezo ya shule wilayani, alikuja bwana mmoja wa mpira kutoka mjini. Hatutasema alitumwa na nani, wala hakutuonyesha barua. Alikuwa akitazama wasichana na kuandika katika kitabu kidogo. Mwisho wa siku alituita kando, akatuuliza habari za binti yule, kisha akasema maneno ambayo twayakumbuka sawasawa: «Mwalimu, huyu nikimpata mwaka mzima, atacheza na mtu yeyote.» Akaeleza kwamba mashindano ya dunia ya wasichana yangefanywa mwaka 2019, tena katika Afrika yetu, Misri, na kwamba sheria yao ilikuwa moja tu isiyo na mjadala: mchezaji awe amezaliwa tarehe 1 Januari 2002 au baada yake. Alisema kwamba yeye anakusanya wasichana wa umri huo kwa kambi ya mazoezi. Kwamba hata timu yetu ikikosa kwenda Misri, walio katika rika hilo wangekuwa ndio mbegu ya timu ya taifa ya miaka ijayo. Basi alitaka barua ya shule yenye tarehe ya kuzaliwa.

Tulikwenda ofisini tukiwa na furaha, tukafungua daftari la mwaka 2009. Jina lake lilikuwapo, na mbele yake, kwa wino wa buluu na kwa mwandiko wetu wenyewe, tarehe 25 Desemba 2001.

Siku saba, ndugu msomaji. Mtoto huyo alikuwa amezidi umri kwa siku saba.

Wa kwanza kuingiwa na mashaka tulikuwa sisi wenyewe, maana tuliukumbuka mwandiko ule. Januari 2009 tulikuwa tumetoka chuoni karibuni, chuo cha misheni kilichotufundisha kwamba daftari safi ni nusu ya kazi ya mwalimu. Wazazi walikuwa wamepanga mstari kutoka mlangoni mpaka kwenye mwembe. Mama yule hakuwa na kadi ya kliniki, mchwa waliila. Tulimwuliza, «Mama, mtoto huyu alizaliwa lini?» Akajibu, «Wakati wa mvua, Mwalimu, usiku wa mkesha.» Sisi tuliposikia mkesha tukaandika Krismasi, na kwa kuwa mtoto wa darasa la kwanza wakati ule alipasa kuwa na miaka saba, tukahesabu nyuma tukaweka 2001. Tukasema, «Anayefuata.» Kazi yote haikuchukua muda wa kuchovya kalamu. Na tarehe ile ikatoka katika daftari ikaingia katika karatasi za mtihani wa darasa la saba, kutoka hapo ikaingia katika karatasi za sekondari, kila mwandishi akimwamini aliyemtangulia, na wote kwa jumla wakituamini sisi.

Jioni hiyo hiyo tulikwenda kwa mama. Tulimkuta akipepeta mtama, akatuvutia kigoda. Baada ya salamu, ambazo kwetu hazifanywi kwa haraka, tulimwuliza tena lile swali la miaka tisa iliyopita, ila safari hii tuliongeza neno moja.

«Mama, ulisema mkesha. Mkesha upi?»

Akatutazama. «Kwani iko mingapi, Mwalimu?»

Yeye si mtu wa kanisani. Aliyekuwa mtu wa kanisani ni bibi mkunga aliyemzalisha, na mkesha aliujua kwa kuwa mtoto wa jirani alitumwa kumwita bibi huyo huko kanisani usiku wa manane, naye akaja ameloa maji, kanga yake mpya imemshika mwilini, akilalamika kwamba wamemtoa katikati ya nyimbo. Basi hilo ndilo alilolijua. Tukamweleza kwamba Wakristo hukesha usiku wa kuamkia Krismasi, tena hukesha usiku wa kuamkia mwaka mpya, na kati ya mikesha hiyo miwili ni siku saba. Alifikiri sana. Alisema kesho yake majirani walikula wali na nyama. Lakini wali huliwa siku zote mbili. Alisema mto Manonga ulikuwa umefurika. Lakini mto haufuriki kwa siku moja. Tulimwuliza kuhusu mwezi, maana tulikwisha kutazama tukajua kwamba mwezi ulikuwa mpevu tarehe 30 Desemba 2001, kwa hiyo usiku wa mwaka mpya ungekuwa mweupe mpaka karibu na mapambazuko. Akacheka, akasema, «Mvua ilikuwa ikinyesha hata paa likavuja juu ya kitanda, Mwalimu. Nani alitoka kutazama mwezi?»

Baba naye akaja, akaketi, akatoa ushahidi wake. Treni ya abiria ilipoanguka Igandu, upande wa Dodoma, na watu wengi mno wakafa, yeye alikuwa ana ndugu safarini, na siku habari ilipofika, mtoto alikuwa ameketi uani peke yake bila kuegemezwa. Ajali ile ilikuwa tarehe 24 Juni 2002. Mtoto huketi hivi akipata miezi sita au karibu yake. Basi tukahesabu kwa vidole, na miezi sita ikaturudisha mahali pale pale, kati ya Krismasi na mwaka mpya, wala haikusema zaidi. Tuliuliza bibi mkunga anakaa wapi siku hizi. Alikufa mwaka 2011.

Tulirudi nyumbani usiku tukiwa na hakika ya jambo moja, kwamba tarehe iliyo katika daftari ilikuwa ya kukisia, na aliyekisia ni sisi. Mwalimu mwenzetu, mtu mwema ambaye twamheshimu mpaka leo, alituambia shauri rahisi. «Ulikosea kwa kalamu, sahihisha kwa kalamu. Andika Januari mosi. Huenda ndiyo kweli yenyewe.» Neno lake lilikuwa na nguvu. Kama makisio ya kwanza yalikuwa halali, kwa nini ya pili yawe haramu? Tena ya kwanza yalifanywa kwa uvivu, na ya pili yangefanywa baada ya kuuliza na kuchunguza. Walakini tulijua jambo ambalo yeye hakulitaja: tarehe 25 Desemba tuliiandika tukiwa hatuna la kupata, na tarehe 1 Januari tungeiandika kwa sababu twaitaka. Tulipokuwa tukimsikiliza mama, tulijiona tukiuegemea mkesha wa mwaka mpya kama mtu aegemeaye ukuta. Kila neno lake tulilipindisha upande huo. Hapo tukaanza kuliogopa sikio letu.

Tena nchi yetu ilikwisha kuonja uchungu wa jambo hili. Mwaka 2005 vijana wetu wa mpira wa miguu waliokwisha kushinda njia ya kwenda mashindano ya Afrika ya wasiozidi miaka 17 waliondolewa kwa sababu ya umri wa mchezaji mmoja, na nafasi yao wakapewa wengine. Timu nzima ilirudi nyumbani kwa ajili ya tarehe moja. Kwa wavulana wa mpira wa miguu, tangu mwaka 2009, wenye mashindano ya dunia hupiga picha ya mifupa ya kifundo cha mkono, wapate kujua umri bila kumwuliza mtu. Lakini mfupa nao hautofautishi Krismasi na mwaka mpya. Mtu huzaliwa kidogo kidogo mifupani. Katika karatasi ndiko azaliwako siku moja.

Basi tukaandika barua. Tuliandika kwamba tarehe ya daftarini tuliiandika sisi wenyewe kwa kukisia. Kwamba tumeuliza wazazi. Kwamba mtoto alizaliwa ama tarehe 25 Desemba 2001 ama tarehe 1 Januari 2002, na kwamba hapana mtu aliye hai awezaye kusema ni ipi. Tukatia sahihi. Tuliiona ni barua njema, nasi tuliisoma mara mbili kwa kujipendeza, jambo ambalo sasa twaliona aibu. Baada ya siku chache yule bwana alitupigia simu. Hakukasirika. Alisema tu, «Mwalimu, mimi niliomba tarehe. Wewe umeniandikia hadithi.» Akachukua msichana mwingine, wa wilaya nyingine.

Kumweleza binti kulikuwa kugumu kuliko kuandika barua. Tulimwita uwanjani kabla wenzake hawajafika, tukamweleza yote, hata na habari ya mstari wa wazazi na ule mwembe. Alisikiliza akiuzungusha mpira mikononi. Kisha akauliza kwa adabu, bila ukali wowote: «Mwalimu, ile ya kwanza uliiandika kwa ushahidi gani?» Tukamjibu kwamba hatukuwa na ushahidi. Akasema, «Na ile haikuhitaji barua.» Halafu akaenda kufunga wavu, maana wadogo walikuwa wamekwisha kufika.

Hatusemi kwamba tulimzuia kwenda Misri. Timu ya Tanzania haikuwamo katika mashindano yale, na yamkini ile kambi ya mazoezi isingalimfikisha mbali kuliko Dodoma. Lakini Dodoma ni mbali kwa mtu aliyekuwa hajapita Nzega.

Septemba 2019 mashindano yakafanywa katika miji ya Cairo na Ismailia, timu 20 za mataifa, pamoja na wenyeji Misri. Tuliyatazama katika simu ya mkononi, iliyoegemezwa kwenye boksi la chaki, wasichana kumi na mmoja na mwalimu mmoja, na mtandao ukikatika kila mara mpira ulipokuwa juu, hata tukazoea kuutazama umesimama hewani kama tunda. Wasichana wetu hawakushangaa sana kuona wale Wazungu na Waasia wanavyopiga kwa nguvu. Walishangaa jinsi wanavyoongea uwanjani. Kila mpira waliutangaza kwa sauti. Kwetu msichana hufundishwa kunyamaza mbele ya watu, na tangu wiki ile uwanja wetu ulikuwa na makelele ambayo twasikia fahari nayo. Italia walikuwa wametwaa ubingwa mwaka 2015 na 2017, nao wakafika tena kwenye mchezo wa mwisho, lakini Marekani wakawashinda na kupata ubingwa huo kwa mara ya kwanza.

Mmoja wa wasichana alifungua katika simu orodha ya wachezaji. Palikuwa na jina, kimo, na tarehe ya kuzaliwa. Binti yetu, aliyekuwa wakati huo Kidato cha Nne na mtihani wake uko mbele, akaichukua simu, akasoma zile tarehe moja baada ya moja kwa sauti ndogo. Wote ni wa 2002 na wa 2003. Alipomaliza akaturudishia simu, akauliza, «Hawa wote mama zao walikuwa na saa?» Wenzake wakacheka. Naye akacheka, nasi tukacheka, ingawa si sana.

Kuna jambo lingine tulilolijua baadaye. Alipomaliza mtihani mwezi Novemba 2019, wazee wa mahali fulani walikuja kwa baba yake na maneno ya ng'ombe. Alipokuwa mwanafunzi hawakuthubutu, kwa sababu ya ile sheria ya mwaka 2016 inayomfunga mtu amwoaye mwanafunzi. Sasa shule ilikuwa imekwisha, nao wakauliza umri. Karatasi zote zilijibu kwamba tarehe 25 Desemba atatimiza miaka 18. Tarehe ile ile iliyomfanya mkubwa mno kwa mpira, ilimfanya mkubwa wa kutosha kwa mahari. Sifa ni kwa mama yake, aliyesimama mlangoni akasema kwamba yeye mwenyewe hajui mtoto huyu amezaliwa lini, na mwalimu naye hajui, tena amekiri kwa barua; basi wangoje. Wageni wakaondoka kungoja, na kungoja kukawachosha. Hayo ndiyo matunda ya pekee tuyajuayo ya barua yetu, wala hatukuyakusudia.

Mwaka 2020 shule zilifungwa kwa ajili ya ugonjwa wa korona, na michezo ya shule haikufanywa. Mwaka 2022 michezo ya shule ya taifa, UMITASHUMTA na UMISSETA, ililetwa Tabora mjini, na sisi tukaenda kutazama pamoja na baadhi ya wasichana wetu, kwa nauli tuliyochangishana. Yeye alikuja nasi. Alikuwa amejifunza ushonaji na alikuwa na cherehani yake Igunga, karibu na kituo cha mabasi. Tulikaa juani siku mbili mfululizo. Siku ya pili tulimwona ameondoka kando yetu. Amekwenda kusimama nyuma ya mwamuzi, anatazama mikono yake. Tuliporudi nyumbani alitaka filimbi. Tangu hapo yeye ndiye mwamuzi wetu wa jioni, na ni mkali kuliko mwalimu. Mguu ukigusa mstari hata kwa ukucha, yeye huona.

Baadaye aliolewa, na mtu aliyemchagua mwenyewe, dereva wa lori la pamba. Mtoto wao wa kwanza, mwanamke, alizaliwa zahanati mwezi Machi 2023. Wasomaji wajua kwamba kuna mpango wa serikali ulioanza Mbeya mwaka 2013 na kuenea mikoani, wa kuwaandikisha watoto wasiotimiza miaka mitano na kuwapa vyeti bila malipo. Sisi hatukuwa na fikira yoyote ya habari hiyo siku alipokuja uwanjani amembeba mtoto mgongoni, mapema kuliko desturi yake. Alitoa karatasi katika mfuko wa nailoni, uliofungwa kwa raba, akatupa kwa mikono miwili.

«Shikamoo, Mwalimu. Naomba usome hapa.»

Tukaitikia, tukasoma. Jina la mtoto. Jina la baba, jina la mama. Mahali alipozaliwa. Siku, mwezi, mwaka. Tulisoma kwa sauti, naye akafuata kwa macho juu ya bega letu. Tulipofika kwenye tarehe alituomba tuirudie, tukairudia.

«Ni hiyo,» akasema. Akaikunja karatasi, akairudisha katika mfuko, akaufunga raba mara mbili. Kisha akamfungua mtoto mgongoni, akampa mmoja wa wasichana amshike, akaitoa filimbi, akatuuliza kwa nini wavu upande wa kushoto umelegea.